Mchonga Mihuri Anayekataa Kumgeuza Bata

Saa moja kasoro robo asubuhi, dirisha moja tu lina taa katika Mtaa wa Kinu mjini Ellermoor. Nyuma ya dirisha hilo ameketi mwanamke mwenye kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia, ameinamia kipande cha shaba kilichobanwa kwenye jiliwa. Tindo yake inatembea polepole. Nyuzi za shaba, nyembamba kuliko nywele, zinajikunja na kuangukia aproni.

Anachonga jina la daktari wa meno. Analichonga kinyumenyume, kutoka herufi ya mwisho kwenda ya kwanza, bila kutazama karatasi.

“Nikiona neno limekaa sawasawa, ndipo nashtuka,” anasema Almuth Dierking bila kuinua kichwa. “Kwenye meza hii, kilicho sawa ndicho kosa.”

Bi Almuth ana miaka 59. Ni mchonga mihuri, kama baba yake na babu yake, na duka analoendesha peke yake lina umri mkubwa kuliko kituo cha reli. Humo hutoka mihuri ya mpira ya wauza magari, mihuri ya shaba ya mawakili, na hadi mwaka huu, mihuri yote ya ofisi za wilaya.

Msumari ulio juu ya meza yake hauna kitu. Kwa majuma matatu ulishika barua ya oda: mihuri 86 kwa ajili ya wilaya mpya ya Wümbetal, yuro 41 kila mmoja. Kwa duka la mtu mmoja, hayo ni mapato ya karibu miezi mitatu. Ijumaa iliyopita aliirudisha barua hiyo bila kuitia sahihi.

Sababu ni bata. Kwa usahihi zaidi, sababu ni neno moja: “aliyegeuka”.

Wilaya ya zamani ya Ellermoor haipo tena kwenye ramani, lakini ngao yake bado ipo juu ya milango, kwenye kofia za wazima moto na kwenye vikombe vya kahawa vya nusu ya nyumba za mji. Ni uwanja mwekundu, ndani yake bata bukini mweupe mwenye ufunguo wa dhahabu mdomoni. Chini yake kuna wimbi la fedha.

Nyekundu ni ya matofali, kwa kuwa huku hakuna mawe na kila kilichojengwa kilichomwa kutokana na udongo. Wimbi ni mto Wümbe. Ufunguo ni wa monasteri ya Marienwolde, ambayo masista wake walipokea kodi kila sikukuu ya Mtakatifu Martin. Kodi yenyewe ilikuwa bata. Ng'ombe walizama kwenye malisho yale ya maji. Bata peke yake ndiye aliyeyala bila kuzama.

Wanyama wa ngao, wawe simba, tai au dubu, hutazama upande ambao msomaji huanzia mstari, yaani kushoto kwa anayewatazama. Hiyo ndiyo kanuni. Bata wa Ellermoor anatazama kulia. Ndiyo maana maelezo rasmi ya ngao, ambayo sheria huyaheshimu kuliko mchoro wowote, yalisema kwa zaidi ya miaka sabini: “bata bukini mweupe aliyegeuka”.

Miaka mitatu iliyopita, Ellermoor iliunganishwa na jirani yake, Burgwarden. Ngao ya Burgwarden ina simba. Madiwani wa wilaya mpya wakakubaliana ngao igawanywe katikati, simba akae nusu ya kushoto na bata nusu ya kulia. Mchoraji alipomaliza kazi, wote wakaona tatizo. Simba na bata walikuwa wamepeana kisogo.

Katika rasimu iliyofuata, neno “aliyegeuka” likafutwa. Bata akaelekezwa kushoto, kama kanuni inavyotaka. Sasa anatazama upande wa simba. Kwa kuwa simba naye anatazama kushoto, kinachobaki mbele ya macho ya bata ni kimoja.

“Mkia,” anasema Bi Almuth, na kwa mara ya kwanza anaweka tindo chini. “Wanataka bata wetu amtazame simba mkiani mpaka mwisho wa dunia. Halafu wanasema huo ndio umoja.”

Barua ya oda ililetwa dukani na Gerd Ahlswede, mkuu wa ununuzi wa wilaya mpya. Yeye na Bi Almuth walisoma darasa moja, na kila mmoja anasimulia mazungumzo ya siku ile kwa maneno yale yale.

“Moin, Almuth. Nimekuletea kuni za msimu mzima wa baridi.”

“Moin, Gerd. Weka hapo. Mbona umevaa tai, umetoka mazikoni?”

“Soma kwanza.”

Alisoma. Kisha akaushika mchoro, akauinua dirishani na kuutazama kwa nyuma, kama afanyavyo kwa kila mchoro unaoingia dukani.

“Gerd, huyu bata kavunjwa shingo lini?”

“Almuth, usianze.”

“Sijaanza. Nauliza tu. Kageuzwa.”

“Kanyooshwa. Mtaalamu wa nyaraka kaandika kurasa kumi na moja. Anasema kule kugeuka hakukuwa na maana yoyote. Ni kosa la fundi, basi. Sasa limesahihishwa.”

“Kosa la fundi.”

“Ndivyo alivyoandika. Hata hajui fundi gani.”

“Na wewe unajua?”

“Mimi nanunua mihuri, dada. Historia sinunui.”

Bwana Ahlswede anacheka akikumbuka. “Nilitegemea anifukuze. Hakunifukuza. Alinimiminia kahawa, tena akanipa na keki. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.”

Bwana Ahlswede alimpa Bi Almuth majuma matatu. Asiposaini, oda ingekwenda kwa kampuni moja ya jijini yenye mashine ya leza, inayoweza kutoa mihuri yote 86 kwa siku mbili.

Bwana Ahlswede hakujua jambo moja siku ile. Bi Almuth alimfahamu fundi wa lile kosa. Alikuwa babu yake.

Mwaka 1949, ofisi za Ellermoor hazikuwa na muhuri halali. Mihuri ya utawala ulioanguka ilikuwa imekusanywa na kupondwa, na afisa wa Kiingereza aliyesimamia eneo hili alitaka mipya baada ya siku nne. Mwalimu wa shule alichora bata kwa penseli, akitazama kushoto, sawasawa na kanuni. Kazi ya kumchonga akapewa Hinrich Dierking.

Hinrich alichonga kwenye meza ya jikoni, kwa sababu dukani zililala familia mbili za wakimbizi kutoka mashariki.

“Babu alikuwa amechonga herufi miaka ishirini na miwili,” anaeleza Bi Almuth. “Mkono wake ulizigeuza wenyewe, hata angekuwa amesinzia. Lakini mnyama hakuwahi kumchonga hata mmoja. Mihuri ya huku ilikuwa majina matupu. Basi akauweka mchoro mbele yake, akamnakili bata vilevile alivyomwona.”

Muhuri ulipogongwa, herufi zilisomeka vizuri. Bata, aliyetazama kushoto kwenye shaba, alitazama kulia kwenye karatasi.

Ni kosa ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya. Mtu wa kawaida angekosea vyote viwili. Mchonga mihuri peke yake ndiye anayeweza kupatia maandishi na kumkosea mnyama.

Kwa miezi kumi na mmoja hakuna aliyegundua. Katika miezi hiyo, wilaya ilisajili wakimbizi elfu kumi na nne. Wengi walifika wakiwa na nguo walizovaa tu. Kila mmoja alipewa karatasi yenye jina lake, na chini ya jina, bata.

Wizara ilipolalamika hatimaye, mkuu wa wilaya wa wakati ule alijibu kwa barua fupi, ambayo nakala yake ilibaki kwenye droo ya Hinrich. Inasema: “Tukimgeuza bata sasa, tutazitilia shaka karatasi za watu elfu kumi na nne. Bata abaki alivyo. Badilisheni maelezo.” Ndipo neno “aliyegeuka” lilipoongezwa.

Wananchi hawakuambiwa chochote. Wakajitungia habari yao. Kwenye uwanja wa mpira, mashabiki wa Burgwarden walipopiga kelele, “Bata anakimbia! Bata anakimbia!”, wale wa Ellermoor walijibu, “Hakimbii, anawapa kisogo!” Baada ya miaka michache, kila mtoto wa Ellermoor alijua kwamba wazee walimgeuza bata makusudi, ili kuwadharau Burgwarden.

Almuth naye alijua hivyo hadi alipofika miaka kumi na sita. Alikuwa mwanafunzi wa kazi dukani, na siku hiyo alichonga herufi R bila kuigeuza kwenye muhuri wa mteja. Alilia. Babu yake akafungua droo, akatoa shaba ya zamani na kuiweka mbele yake.

“Aliniambia, ‘Nyamaza, binti. Kosa lako linagharimu kipande cha shaba. Langu hili linalindwa na sheria.’ Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Kisha akaniambia nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu kwa miaka arobaini na mitatu.”

Siri hiyo haikumlemea sana mpaka ripoti ya kurasa kumi na moja ilipokuja kusema ukweli nusu.

Mji ulikuwa umekwisha kuchemka. Heino Brüns, mfugaji wa mabata ambaye shamba lake linapakana na bustani ya Bi Almuth, alikusanya sahihi 3,100 kuomba neno lirudishwe. Karatasi za sahihi zilikuwa na kichwa cha habari kimoja: Wazee Wetu Walimgeuza Makusudi.

Bwana Brüns ni mtu mnene, mwenye sauti ya kuitia mabata ng'ambo ya mto. Kuhusu simba wa majirani, hana subira.

“Simba gani?” anauliza. “Umewahi kumwona simba Burgwarden? Miaka mia saba wanajisifia mnyama ambaye hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga kinyesi chake. Bata huyu hapa. Njoo bandani, akuume.”

Alimtaka Bi Almuth azungumze mbele ya baraza, kama mjukuu wa mchonga mihuri wa zamani wa mji.

“Useme tu babu yako aliamrishwa amgeuze,” alimwambia kupitia uzio. “Nani atabisha? Marehemu?”

“Heino, marehemu ndiye atakayebisha.”

“Basi sema hujui.”

“Najua.”

Bwana Brüns alidhani ana homa. Akamletea supu ya shingo za bata.

Bi Almuth anasema alilala vibaya majuma yale. Akinyamaza, upande wake ungetetea neno kwa hadithi isiyo ya kweli, na mtaalamu mwenye kurasa kumi na moja angeibomoa kwa dakika tano. Akisema ukweli, angewapa wapinzani silaha kwa mkono wake mwenyewe, na jina la Dierking lingekuwa jina la kosa.

Baraza la madiwani lilikutana Alhamisi iliyopita, saa kumi na moja jioni, katika ukumbi wa shule ya ufundi. Kabla ya kura, wananchi huruhusiwa kuuliza au kusema, dakika tatu kila mmoja. Mwenyekiti wa baraza, Rüdiger Stolte, ni mtu wa Burgwarden, na kwenye koti lake alivaa kishikizo kidogo cha simba.

Bi Almuth alisogea mbele akiwa na mfuko wa kitambaa. Akatoa pedi ya wino, karatasi nyeupe na kile kipande cha shaba. Akavipanga mezani kwa mwenyekiti.

“Bi Dierking, hapa ni mahali pa kuzungumza, si pa maonyesho,” alisema Bwana Stolte.

“Ni muhuri, Bwana Mwenyekiti. Hauumi. Hebu nisaidie, kwenye shaba hii bata anatazama wapi?”

Bwana Stolte alivaa miwani. “Kushoto.”

“Kama kanuni inavyotaka?”

“Kama kanuni inavyotaka.”

“Sasa gonga.”

Aligonga. Akainua shaba, akaitazama karatasi. Kisha akaitazama shaba tena. Diwani mmoja wa safu ya nyuma alikuwa wa kwanza kucheka.

“Babu yangu alikosea,” alisema Bi Almuth. “Mtaalamu wenu ameandika kweli. Hakuna mzee aliyeamua lolote. Hakuna aliyewapa Burgwarden kisogo. Kulikuwa na fundi mwenye njaa kwenye meza ya jikoni, akageuza herufi, akasahau kumgeuza bata. Nimelijua hilo tangu nina miaka kumi na sita.”

Kutoka upande wa wananchi ilisikika sauti ya Heino Brüns: “Almuth, kaa chini, mama! Utatumaliza!”

“Nina dakika mbili bado, Heino.”

Alitoa karatasi moja zaidi, iliyokunjwa mara nne na kupauka kwenye mikunjo. Ni mali ya jirani yake, Irmgard Kallweit, mwenye miaka 82, aliyekuwa ameketi safu ya kwanza na mkoba wake mapajani. Karatasi hiyo ya mwaka 1949 inasema kwamba mtoto Irmgard, aliyefika na mama yake kutoka mashariki bila cheti chochote, anatambuliwa na Wilaya ya Ellermoor. Chini kuna bata, na anatazama kulia.

“Kuna karatasi kama hii elfu kumi na nne,” Bi Almuth alisema. “Mwaka 1950 wizara ilitaka kulisahihisha kosa. Mkuu wa wilaya akakataa, na barua yake ninayo hapa. Kwa hiyo kosa ni la babu yangu, lakini neno si lake. Neno ‘aliyegeuka’ liliandikwa na watu waliojua wanachofanya. Walichagua kuishi na kosa kuliko kumtilia shaka mtoto wa miaka sita. Mkilifuta, hamsahihishi kosa. Mnaufuta uamuzi ule.”

Kengele ya dakika tatu ikalia. Aliiacha ilie.

“Jambo la mwisho. Mnasema bata na simba wasipeane kisogo, haipendezi. Mtu anayekulindia mgongo husimama vipi? Hukutazama mkiani?”

Kicheko kilichofuata kilitoka pande zote mbili za ukumbi. Bwana Stolte hakucheka, lakini hakugonga meza pia.

Madiwani walikuwa wapige kura jioni ile ile. Badala yake, kwa kura 26 dhidi ya 20, waliahirisha uamuzi mpaka tarehe 4 Desemba, ili barua ya mwaka 1950 ichunguzwe. Mpaka siku hiyo, neno “aliyegeuka” halimo wala halijafutwa rasmi.

Bwana Stolte anasema msimamo wake haujabadilika. “Kosa ni kosa, na wilaya mpya ina haki ya kuanza na ngao safi. Tarehe nne nitapiga kura neno lifutwe.” Anagusa kishikizo chake cha simba. “Lakini sitasema tena kwamba halina maana.”

Kwa Bwana Brüns, usiku ule ulikuwa mgumu. Alimsubiri Bi Almuth kwenye maegesho ya baiskeli, na watu waliokuwapo wanasema alikuwa mwekundu kama ngao.

“Miaka sabini na tano!” alifoka. “Miaka sabini na tano tunawatukana Burgwarden, kumbe kwa kosa la babu yako?”

“Ndiyo.”

“Na wewe ulikuwa uwanjani unapiga kelele pamoja nasi!”

“Nilipiga kelele kuliko wewe. Tuliwatukana vizuri sana, Heino.”

Kesho yake asubuhi Bwana Brüns alizichukua fomu zote ambazo hazijatumika, akafuta kichwa cha habari kwa kalamu na kuandika kingine kwa mkono: Ni Kosa Letu na Hatulitoi. Hadi jana alikuwa ameongeza sahihi mia nne na kumi, katikati ya msimu wa Mtakatifu Martin, ambapo huchinja na kunyonyoa bata mia mbili kwa juma.

“Hii ni bora kuliko ile ya kwanza,” anakiri sasa. “Ile ya kwanza kila mji unayo. Kila mji una wazee mashujaa. Nionyeshe mji mwingine wenye kosa lililopitishwa na wizara.”

Wapo ambao hawajamsamehe Bi Almuth. Mteja mmoja wa miaka mingi alipita mbele ya duka Jumamosi bila kumsalimu. Mwingine aliingia kumwambia kwamba mambo ya familia huzikwa na familia. Bi Almuth alimwuliza kama anataka muhuri. Alisema hapana. Bi Almuth akamwonyesha mlango.

Bi Kallweit alikuja siku hiyo hiyo kuchukua karatasi yake. Aliikunja mara nne, kwenye mikunjo ile ile, na kuitia mkobani.

“Watu wanasema hili ni jambo dogo, mdomo wa bata kuelekea huku au kule,” anasema. “Mimi ninajua ukubwa wake. Kabla ya karatasi hii, polisi wa kila kituo aliniita ‘huyo mtoto’. Baada yake akaniita Irmgard. Nilimuuliza mama yangu, kwa nini bata anaangalia nje ya karatasi? Akasema, anaangalia tulikotoka, aone kama kuna mwingine anakuja.”

Alipoambiwa kwamba bata huyo alikuwa kosa tu, hakushtuka hata kidogo. “Na mimi nilikuwa kosa,” alimjibu Bi Almuth. “Mama yangu alitaka mvulana. Je, nigeuzwe?”

Siku moja kabla, Ijumaa asubuhi, Bi Almuth alikwenda kwa baiskeli hadi ofisi ya ununuzi na kuiweka barua ya oda mezani kwa Gerd Ahlswede. Bwana Ahlswede alimsihi angoje mpaka tarehe nne.

“Neno likirudi, nitakuandikia oda mpya,” alimwambia. “Lisiporudi, si unachonga tu, unafumba macho? Ni shaba, Almuth. Nani atakulaumu?”

“Kazi yangu haifanyiki macho yakiwa yamefumbwa, Gerd.”

“Na kuni za baridi?”

“Nitavaa koti.”

Oda bado iko kwenye droo ya Bwana Ahlswede. Anasema hajaituma kwa kampuni ya jijini, na kwamba huenda kuna fomu fulani imepotea. Huenda ikachukua muda kuipata. Pengine mpaka tarehe nne.

Dukani, jina la daktari wa meno limekamilika. Bi Almuth anaifuta shaba kwa kitambaa, anagonga mara moja kwenye karatasi ya majaribio na kusoma. Anatikisa kichwa kuridhika. Kisha anaweka kipande kingine kwenye jiliwa, kipya, kikubwa kuliko cha kwanza na bado hakina hata mkwaruzo.

Hiki hakuna aliyekiagiza. Amekinunua kwa pesa yake. Katika maisha yake yote hajawahi kumchonga bata. Mihuri yote ya bata iliyotoka dukani ilinakiliwa kwa kalibu kutoka shaba ya babu yake, na hakuna mkono mwingine uliothubutu.

Mbele yake ameegemeza mchoro wa penseli wa yule mwalimu wa shule, ambao nao ulikuwa kwenye droo. Bata ametazama kushoto na ufunguo umening'inia mdomoni. Kuzunguka ngao, Bi Almuth amepanga maneno kwa chaki: Wilaya ya Wümbetal. Si Ellermoor. Anataka muhuri wa wilaya mpya, ya watu wote, watu wa simba wakiwamo.

“Tarehe nne wakilirudisha neno, muhuri wa kwanza uko tayari,” anasema. “Wasipolirudisha, uko tayari vilevile. Nitaupeleka mwenyewe na kuuweka mezani kwa mwenyekiti. Mwaka ujao nitaupeleka tena. Babu alikosea mara moja, kwa dakika moja, kwa sababu ya njaa. Mimi nimeshiba, na macho yangu ni mazima.”

Anavaa kioo cha kukuzia. Tindo inagusa shaba, inasita, kisha inaanza kuchimba mstari wa shingo, ikielekea kushoto vilevile kama kwenye mchoro.

“Herufi nitazigeuza,” anasema. “Bata simgeuzi.”